Nani Atalipa Mwaka wa Tisa?

Haya ni maneno yote yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafadhili na watu wa kujitolea. Yamewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, kina mama na kina baba, vijana mliojitokeza, na ninyi madaktari wa mifugo mliokaa kule nyuma: karibuni.

Kila kituo kinachookoa mbwa kina mbwa wa aina mbili. Kuna wanaopita na kuna wanaobaki. Anayepita huingia, hutibiwa, huchanjwa, hufungwa kizazi, na baada ya miezi miwili hivi mtu huja kumchukua akaishi naye. Anayebaki ni yule ambaye wageni humtazama, wakasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni pake, wakasogea kwenye kibanda kinachofuata. Amewahi kuuma mtu. Ana kifafa. Ana miaka 11 na haoni. Miguu ya nyuma imekufa ganzi. Au mwili wake ni mzima kabisa, ila akimwona binadamu anajibana ukutani na kujikojolea.

Wale wanaopita wana marafiki wengi. Mimi nimekuja kuwasemea wanaobaki, na nina swali moja kwenu: nani atalipa mwaka wa tisa?

Mwezi wa kwanza haujawahi kuwa na shida. Picha ya mbwa aliyekatwa panga au aliyefungwa waya shingoni ikisambaa, watu hutuma pesa siku hiyo hiyo, na Mungu awalipe. Mwezi wa tatu pesa hupungua. Mwaka wa pili picha ile hakuna anayeikumbuka. Lakini mbwa aliyeokolewa akiwa na miaka mitatu anaweza kufika miaka kumi na mbili, naye hula kila siku ya maisha hayo. Nani atalipa mwaka wa tisa?

Tuanze na kisa kinachojulikana duniani. Aprili 2007, katika wilaya ya Surry, jimbo la Virginia nchini Marekani, polisi waliingia kwenye shamba la Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Walikuta mbwa kadhaa wa aina ya pit bull waliofugwa ili wapiganishwe. Siku zile mbwa wa mapigano wakishakamatwa, kesi ikiisha waliuawa wote bila kuchambuliwa. Safari hii mahakama ilifanya jambo lingine. Ilimteua profesa wa sheria, Rebecca Huss, awe msimamizi wa mbwa wale, na kila mbwa akapimwa peke yake kwa tabia yake mwenyewe. Ilipofika Desemba 2007, Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23, na alikuwa ameamriwa kulipa takriban dola 928,000 za matunzo ya mbwa hao.

Ishirini na wawili kati yao, waliokuwa wagumu kuliko wenzao, walipelekwa kwa shirika la Best Friends, ambalo makao yake yako Kanab, Utah. Baadhi yao baada ya miaka ya mafunzo walipata nyumba. Lakini wawili, Lucas na Meryl, mahakama iliamuru wasitoke pale maisha yao yote. Lucas alikuwa bingwa wa ulingoni, mwenye makovu usoni, na watu aliwapenda sana. Meryl hakuwaamini wageni. Hao ndio mbwa wa kubaki ninaowazungumzia. Lucas aliishi pale mpaka mwaka 2013. Na yule wa mwisho kabisa kati ya mbwa wote waliookolewa kwa Vick, aliyeitwa Frodo, alikufa Desemba 2021. Hesabuni wenyewe: tangu kuokolewa ni zaidi ya miaka 14.

Mahakama ile ilifanya mambo mawili ambayo vituo vyetu vingi havifanyi. Kwanza, ilimpima kila mbwa peke yake badala ya kuwahukumu kwa kundi. Pili, ilitenga pesa za maisha kabla ya kuamua kwamba mbwa ataishi. Pesa kwanza, ahadi baadaye. Sisi mara nyingi tunaanza na ahadi.

Sasa tuulizane: mbwa anakuwaje mbwa wa kubaki?

Kwa wengi, jambo hili huamuliwa kabla hawajafikisha miezi minne. Kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hadi 14 hivi, mtoto wa mbwa hupokea kila anachokutana nacho kuwa ni sehemu ya dunia yake: mkono wa mtu, kilio cha mtoto, mlio wa pikipiki, ngazi, ufagio. Kipindi hicho kikipita bila kuguswa na mtu, kwa mfano amezaliwa jalalani na kukulia humo, binadamu anabaki kuwa mnyama wa hatari machoni pake. Anaweza kujifunza baadaye, lakini polepole, na wengine hawafiki mbali.

Mbwa wa namna hii anahitaji mtunzaji mmoja, saa ile ile kila siku, dakika 15. Mtunzaji akae chini, ampe ubavu, asimkazie macho, arushe vipande vya chakula mbali kidogo na mwili wake. Mbwa akila bila kurudi nyuma kwa siku kadhaa mfululizo, kipande kinarushwa karibu zaidi kwa urefu wa kiganja. Hakuna kumshika. Mkono utamgusa siku atakapousogelea mwenyewe, na hiyo inaweza kuwa baada ya miezi.

Mambo huharibika vipi? Mgeni mwenye huruma anaingia, anamkumbatia, na mbwa anaganda. Watu wanashangilia: "Mwoneni, ametulia!" Hajatulia. Masikio yamelala nyuma, ulimi unaramba pua kila mara, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mwili umekaza. Ameona hana pa kukimbilia. Mkono wa pili ukija, anauma. Na katika nchi zetu, jeraha la mbwa si jambo dogo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa awekwe chini ya uangalizi siku 10. Baada ya hapo karatasi ya mlangoni inaandikwa: ameuma. Basi huyo naye amekuwa mbwa wa kubaki, na aliyemfikisha hapo ni mtu aliyempenda.

Ndugu zangu, sasa tuingie jikoni na kwenye kabati la dawa. Sitawapa bei, kwa sababu bei ya Kisumu si ya Moshi na ya leo si ya mwakani. Nitawapa vipimo, nanyi mzidishe kwa bei ya dukani kwenu.

Tuchukue mbwa wa mfano, tumwite Simba. Ana kilo 20, amefungwa kizazi, ana miaka minne, ana kifafa. Mbwa wa uzito huo huhitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku, na anayekaa kibandani muda mwingi hupungua kidogo hapo. Chakula kikavu cha kiwandani, kile chenye kilokalori 3,500 kwa kilo, ni gramu 300 kwa siku, zigawanywe mara mbili. Hizo ni kilo 9 kwa mwezi, karibu kilo 110 kwa mwaka. Maji ni lita 1 hadi 1.2 kwa siku ya kawaida, na zaidi wakati wa joto.

Mkipika wenyewe, gramu 150 za unga wa mahindi, gramu 100 za dagaa wakavu, mboga kidogo na kijiko kikubwa cha mafuta hufika karibu kilokalori 1,000 hizo hizo. Dagaa waliwe wazima, maana mifupa yao ndiyo kalsiamu ya mbwa. Daktari aangalie kama madini na vitamini vinatosha, kwa sababu ugali unashibisha tumbo huku mwili ukikosa. Kitunguu na kitunguu saumu visiingie sufuriani. Mifupa iliyopikwa isitolewe, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha.

Na hapa niseme kwa sauti. Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mbwa. Mnakumbuka mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125. Ini la mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu ile. Gunia lililokataliwa na watu likiletwa kituoni kama sadaka, lirudisheni. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Dalili zake ni mbwa kuacha kula, kutapika, macho na fizi kuwa manjano, na dalili zikionekana mara nyingi ini limekwisha kuharibika.

Kuhusu matumbo, mapafu na maini ya machinjioni: yachemshwe dakika 40 au zaidi, yasitolewe mabichi kamwe. Mbwa anayekula maini au mapafu mabichi yenye malengelenge hupata minyoo tegu midogo sana, na mayai yake yakimwingia binadamu humjengea uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Turkana inajulikana kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kila miezi mitatu ni kinga ya mtunzaji na watoto wake kama ilivyo kinga ya mbwa.

Turudi kwa Simba na kifafa chake. Dawa ni fenobabitoni, ile ile wanayopewa watu. Daktari huanza na miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Kwa kilo 20, tuseme miligramu 60 asubuhi na 60 jioni: vidonge viwili vya miligramu 30 kila mara. Vidonge 4 kwa siku. Vidonge 120 kwa mwezi. Vidonge 1,460 kwa mwaka. Akiishi miaka 8 zaidi ni vidonge 11,680. Damu yake ipimwe wiki mbili au tatu baada ya kuanza, halafu kila miezi sita, kuona kiwango cha dawa na hali ya ini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Dawa hii haikatwi ghafla. Mwili ukishaizoea, kuikosa siku mbili tatu kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Degedege likizidi dakika 5, au yakifuatana mawili bila mbwa kurudiwa na fahamu, hiyo ni dharura, na mbwa anaweza kufa. Mmeelewa maana yake kwa mfadhili? Pesa ya chakula ikichelewa wiki moja, kituo kitakopa unga kwa jirani. Pesa ya fenobabitoni ikichelewa wiki moja, Simba anakufa. Kwa hiyo kabati liwe na dawa ya miezi miwili mbele, wakati wote, na anayehesabu vidonge ahesabu kila Jumatatu, siyo siku vimebaki vinne.

Kuna na mtego wa kupe. Vidonge vya kutafuna vya kuua kupe, vile vinavyodumu mwezi au wiki 12, ni vizuri kwa mbwa wengi. Lakini kundi la dawa hizo linaweza kuchochea degedege kwa mbwa mwenye kifafa. Msamaria akileta boksi la vidonge hivyo kwa ajili ya kituo kizima, Simba asipewe. Yeye avalishwe ukosi wa dawa, ule unaodumu miezi saba au minane. Na amitrazi ya kuogeshea, tunayoitumia sana huku, asipewe mbwa mwenye kisukari, maana hupandisha sukari. Unaona jinsi zawadi ya jumla inavyoweza kumdhuru mbwa mmoja? Ndiyo maana tunasema ufadhili uandikwe kwa jina la mbwa na kwa ugonjwa wake.

Kwa kuwa nimekitaja kisukari, neno moja kwa watunzaji. Insulini hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hupigwa kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Kuna insulini ya mifugo yenye vipimo 40 kwa mililita na ya binadamu yenye vipimo 100. Kila moja ina sindano yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40, umempa mara mbili na nusu ya kipimo. Ataanza kuyumba, atadhoofika, ataanguka. Mpake asali au sukari kwenye fizi na mkimbizeni kwa daktari. Mfadhili anayelipia insulini alipie na sindano zinazoendana nayo, pamoja na umeme wa jokofu.

Na mbwa wazee wenye maumivu ya viungo? Meloksikamu kwa kipimo cha daktari, na figo na ini vipimwe mara kwa mara. Diklofenaki iliyobaki nyumbani kwenu baada ya bibi kuumwa mgongo msilete. Dawa hiyo kwa mbwa hutoboa tumbo na kuua figo. Aibuprofeni ni hivyo hivyo.

Mpaka hapo nimetaja chakula na dawa tu. Kuna gharama inayosahauliwa na karibu kila mtu: muda wa mtunzaji. Huko Marekani kipimo cha chini kinachotumiwa ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, 9 za usafi na 6 za kulisha. Mtu mmoja akifanya saa nane bila hata kunywa chai anafikisha mbwa 32, na hapo hajampa yeyote dawa, hajakaa chini na mwoga, hajamtembeza kipofu. Mbwa wa kubaki hula muda mara mbili au tatu. Kwa hiyo mtunzaji mmoja kwa mbwa 10 hadi 15 wa aina hii ndiyo kazi inayofanyika kweli. Mshahara wake ugawanywe kwa idadi hiyo, na sehemu ya kila mbwa iandikwe kwenye hesabu yake bila kuona haya. Nimesikia watu wakisema, "Pesa yangu iende kwa mbwa, isiende kwa mishahara." Nawauliza: kile kidonge cha saa kumi na mbili asubuhi kitaingiaje mdomoni mwa Simba?

Sasa nafika kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo wapinzani wetu huitoa, nao wana haki ya kuitoa. Kibanda kimoja kinachopitisha mbwa kila miezi miwili huokoa mbwa 6 kwa mwaka. Kwa miaka minane ni mbwa 48. Mweke Simba humo miaka minane, umeokoa mmoja. Je, si dhuluma kwa wale 47?

Ni dhuluma, kama Simba anakaa kwenye kibanda cha wanaopita. Hilo lazima tulikubali. Kituo chenye vibanda kumi kikijaza saba kwa mbwa wa kubaki kimefunga mlango wake. Kisha mbwa wapya wanasukumwa wawili watatu kwenye vibanda vitatu vilivyobaki, virusi vya parvo, vinavyoua mbwa kwa kuhara na kutapika, vinaingia, na virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi hata zaidi ya mwaka. Vituo vingi vilivyoanza kwa huruma vimeishia kuwa mahali pa mateso kwa njia hii hii: kukubali mmoja zaidi, na mmoja zaidi, na mmoja zaidi.

Jibu ni kuwatenga wa kubaki kabisa: eneo lao, vibanda vyao, bajeti yao. Na ufadhili wa maisha ulipe hadi kibanda. Idadi iwekwe kikomo kwa maandishi. Vibanda vya kubaki vikiwa nane, wa tisa hapokelewi mpaka cha tisa kijengwe na kulipiwa.

Kibanda chenyewe kiwe na vyumba viwili, kimoja cha kulala chenye paa na kitanda kilichoinuka, kingine cha nje, na katikati mlango wa kupandisha unaovutwa kwa kamba kutoka nje. Mbwa anayeuma hufungiwa upande mmoja, mtunzaji husafisha mwingine, hawakutani. Ukumbini kuwe na milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Kuta zipigwe plasta laini bila nyufa, kwa kuwa kupe wa mbwa hupanda ukuta na kutaga kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Mbwa asiye mgomvi kwa wenzake asikae peke yake. Mwoga akiwekwa na mbwa mtulivu anayependa watu hujifunza kwake haraka kuliko anavyojifunza kwetu. Na kila mbwa aliyewahi kuuma azoeshwe kifaa cha kufunika mdomo cha umbo la kikapu, kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, azoeshwe kwa chakula siku za amani, kabla ya siku ya dharura.

Haya, nani atalipa haya yote?

Shirika la Dogs Trust la Uingereza lilianzishwa mwaka 1891, na linaahidi kutomuua kamwe mbwa mwenye afya. Ahadi hiyo huzaa mbwa wa kubaki, hakuna njia nyingine. Nao waliwafanyia nini? Waliweka ufadhili ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa pauni 1 kwa wiki. Pauni 52 kwa mwaka hazilishi mbwa wa Uingereza. Lakini mbwa mmoja ana wafadhili wengi, na kila mmoja wao anaandikiwa habari zake. Hapa Nairobi kwetu mnajua utaratibu wa namna hiyo kwa ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick: mtu aliye ng'ambo hulipa kila mwaka kwa ajili ya ndovu mmoja mwenye jina, pengine asimwone kwa macho maisha yake yote. Tofauti ni kwamba ndovu yule hurudi porini. Simba harudi popote.

Na hapa naomba niwaambie ndugu zangu Waislamu, hasa mliotoka pwani, pamoja na wapangaji wote ambao mwenye nyumba hakubali mbwa. Najua mate ya mbwa yana hukumu yake, na najua wengi wenu hamtaki mbwa ndani. Hakuna anayewaomba mfuge. Nyote mnakijua kisa cha aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha, akasamehewa. Hakwenda naye nyumbani. Alimpa alichohitaji pale alipokuwa, akaendelea na safari. Ufadhili wa mbali ni mlango huo huo, uko wazi kwa mtu wa Mombasa, wa Unguja, na kwa jamaa zetu walioko Muscat na London.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Daktari aandike hesabu ya mbwa huyu kwa mwezi: chakula, minyoo na kupe, chanjo ya kichaa cha mbwa na nyinginezo zikigawanywa kwa 12, dawa zake, vipimo vya damu, sehemu ya mtunzaji, sehemu ya kibanda. Juu ya hapo iongezwe sehemu ya dharura, maana tumbo hujipinda usiku wa manane na upasuaji hausubiri mwisho wa mwezi. Jumla hiyo igawanywe vipande vidogo ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulipa hata mwezi mbaya. Ahadi zikifika asilimia 120 ya mahitaji, ndipo mbwa ahesabiwe kuwa amefadhiliwa. Kwa nini 120? Kwa sababu kila mwaka kuna atakayepoteza kazi, atakayehama, atakayefariki. Pesa ya miezi sita ikae akiba bila kuguswa.

Malipo yawe ya kujiendesha, agizo la kudumu benki au nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kituo. Simu ya mtu binafsi hapana, hata awe mwaminifu namna gani. Akifa yeye, mbwa nao wamekwenda.

Mfadhili apate nini? Kila mwezi: uzito, picha moja, dawa alizopewa na siku zilizorukwa, pesa iliyoingia na iliyotoka. Uzito ukishuka kwa asilimia 10 bila sababu, mfadhili aambiwe pamoja na daktari. Kutembelea kunaruhusiwa, kumgusa hakuruhusiwi mpaka mtunzaji aseme, na kwa walioandikwa "ameuma" jibu ni hapana daima. Mfadhili anayekasirika kwa hilo afadhali akasirike.

Limebaki jambo ambalo wengi hawapendi lisemwe kwenye mkutano wa kuchangisha. Maisha marefu kibandani si huruma kwa kila mbwa. Yuko anayezunguka kwenye duara mchana kutwa, anayejitafuna mkia mpaka damu, ambaye baada ya miezi mingi ya kazi nzuri bado anatetemeka kila mlango ukilia. Na yuko mzee ambaye dawa haimsaidii tena. Daktari Alice Villalobos wa Marekani aliweka kipimo chenye mambo saba: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila moja hupewa alama 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, maisha bado yanastahili kuendelezwa. Tunashauri kipimo hicho kijazwe kila mwezi na watu wawili, mtunzaji na daktari, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Mtunzaji peke yake hupendelea kwa mapenzi, daktari peke yake hamwoni mbwa saa kumi na moja alfajiri.

Ikifika siku hiyo, mfadhili aambiwe kabla, siyo baada. Aambiwe kwa jina la mbwa na kwa alama zilizoandikwa. Sindano ya mwisho ni sehemu ya matunzo aliyolipia, kama chanjo ya kwanza ilivyokuwa. Na pesa yake isihamishwe kimyakimya kwenda kwa mbwa mwingine. Aulizwe. Nimeona vituo vikiendelea kutuma picha za mbwa aliyekwisha kufa ili malipo yasikatike, na siku ukweli ulipojulikana waliondoka wafadhili wote, hata wa mbwa walio hai.

Kabla hamjatia sahihi kwenye kituo chochote, kikiwemo chetu, ulizeni haya: Mna mbwa wangapi wa kubaki, na kikomo chenu kilichoandikwa ni kipi? Nionyesheni daftari la dawa la wiki iliyopita. Akiba yenu ni ya miezi mingapi? Nani ana funguo za kabati asipokuwepo mwenye kituo? Alikufa nani mwaka jana, kwa nini, na wafadhili wake waliambiwa lini? Wakibabaika kwenye daftari la dawa, ondokeni. Wakisema hawana kikomo kwa sababu hawawezi kumkataa mnyama, ondokeni haraka zaidi.

Fomu ziko mezani pale mlangoni, kila mbwa na karatasi yake ya hesabu. Anayeweza kidogo kwa miaka mingi achukue. Anayeweza kingi kwa mara moja, kwake kuna karatasi nyingine, ya ujenzi wa vibanda, na tunamhitaji vilevile. Daktari atabaki nami hapa mbele kwa maswali ya dawa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.